Watoto Kumi na Wawili, Wote kwa Miguu

Shemeji yangu anaitwa Nukta. Si jina la cheti, ni la mtaani, na alilipata kwa jasho lake. Ukimpelekea barua akuchapie, hatazami jina lako wala tarehe. Anatazama mwisho wa kila sentensi, na akikuta sentensi haina nukta anakuinulia macho taratibu, kama vile umetoka nyumbani umesahau kufunga zipu. Kaka yangu, ambaye ni dereva wa greda, alimpata hivyo hivyo. Alipeleka barua ya kuomba likizo, akarudishiwa ikiwa na nukta tisa za kalamu nyekundu. Kesho yake akapeleka barua nyingine. Keshokutwa nyingine. Aliomba likizo mpaka ofisini wakamwita kumuuliza kama ana mgonjwa, naye akajibu kwamba mgonjwa ni yeye mwenyewe. Wakaoana.

Mimi ni fundi saa. Tumepanga chumba kimoja, mimi na shemeji, huu mwaka wa kumi na mbili: mimi nimekaa dirishani kwa sababu ya mwanga, yeye mlangoni kwa sababu ya wateja. Kwangu kuna saa arobaini ukutani, kila moja na msimamo wake. Kwake kuna kompyuta, printa, skana, stepla kubwa, na kitambaa cha manjano cha kufutia vumbi ambacho mtu mwingine haruhusiwi kukigusa. Nina hasira za karibu, sikatai. Mteja akiniuliza mara mbili kama saa yake imepona, naweza kumrudishia ikiwa vipande. Lakini na shemeji hatujawahi kugombana, maana kila nikipandisha yeye hunisikiliza mpaka mwisho, kisha hunionyesha mahali ambapo ningepaswa kuvuta pumzi.

Alianzia kwenye mashine ya taipu, idara ya maji, miaka kumi na minane. Vidole vyake havitafuti herufi, vinaijua kila moja inapokaa. Kompyuta zilipoingia ofisini, wenzake wawili walilia na mmoja akaomba uhamisho. Nukta aliuliza swali moja tu: mstari wa mashine hii una kimo gani? Wakamwambia anaweza kuupanga mwenyewe. Akaupanga siku hiyo hiyo, kimo kimoja kisichobadilika, sawasawa na cha mashine yake ya zamani, na hajakigusa tena mpaka leo. Kila waraka anaoufungua unaanza na kipimo hicho.

"Mstari ni mstari," husema. "Herufi ikitaka kunenepa, ikanenepee kwingine."

Kumbuka hilo, maana litatutoa jasho. Kumbuka pia kwamba Nukta hakuwa na tabia ya kuingiza picha ndani ya maandishi. Mteja akitaka picha, aliacha nafasi, akachapa maneno, akabandika picha kwa gundi, akatoa fotokopi. Picha ni kazi ya gundi, alikuwa akisema, na hakuna aliyembishia.

Sasa mama. Mama yetu, yaani mama yangu mimi na kaka, ni mkunga, na kwa miaka arobaini kazi kwake ilikuwa kitu kinachokuacha umelowa: jasho, maji au damu. Mtu aliyekaa kwenye kiti akigusagusa vitufe, hata kama jioni mgongo unamuuma, kwa mama alikuwa anadonoa. "Mke wa mwanangu yuko wapi?" angeuliza. Yuko kazini. "Ahaa, yuko kudonoa." Hakuwa anamchukia, nisimsingizie. Watoto wote wawili wa Nukta aliwapokea kwa mikono yake, na kule leba alimfokea kama anavyowafokea wote. Lakini katika miaka ishirini ya ndoa ile sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina, na hakuwahi kumletea hata bahasha aandikiwe anwani. Shemeji alijifanya haoni. Mimi nilikuwa naona kwa niaba yetu wawili, na iliniuma.

Kwa hiyo Jumatatu ile mama alipoingia na bahasha kubwa ya kaki kwapani, nilidhani saa yake imesimama. Nikanyoosha mkono. Akanipita kama mlingoti, akaenda kusimama mbele ya meza ya Nukta.

"Wewe unachapa vitabu?"

"Nachapa, mama."

"Vyenye michoro ndani?"

Shemeji aligusa kwanza kitambaa chake cha manjano. Asiyemjua asingegundua. "Nachapa, mama."

Mama akakaa, akaeleza. Miaka minane ya mwisho alikuwa anafundisha chuo cha wakunga, mwendo wa dakika kumi kutoka pale kwetu, na Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Darasa lake la mwisho lilikuwa na wasichana kumi na saba. Basi la chuo lingeondoka nao Alhamisi saa sita mchana, likiwashusha mmoja mmoja kwenye zahanati za mbali, kila mmoja peke yake.

"Kule hawana wa kumuuliza," alisema. "Nimewafundisha, wamefaulu, lakini mtoto akitoka halii, kichwa chako kinafutika. Maneno yote yanakimbia. Mchoro haukimbii. Nataka kila mmoja apande basi na kijitabu changu mkononi. Bila michoro usinipe, nitakuwa nimewagawia makaratasi."

Kwenye bahasha kulikuwa na kurasa za mwandiko wake na michoro kumi na miwili ya penseli: mtoto mchanga anavyofutwa, anavyofunikwa, anavyosuguliwa mgongo mpaka alie, anavyooshwa kwenye beseni, anavyolazwa kifuani kwa mama yake. Ilikuwa michoro mizuri ajabu. Nina miaka hamsini na mmoja, na siku hiyo ndipo nilipojua mama yangu anajua kuchora.

"Alhamisi kabla ya saa sita. Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

Mama akaondoka. Nukta akachukua kitambaa cha manjano, akaifuta kompyuta nzima, hata nyaya zake. "Shemeji," aliniambia bila kugeuka, "nina kazi ya mama." Alisema hivyo kama mtu aliyepandishwa cheo, na mimi nikajikuta nafuta saa ambazo hazikuwa na vumbi.

Maneno aliyamaliza Jumanne, kurasa kumi na sita, kila sentensi na nukta yake. Gundi haikuwa na nafasi safari hii, kwa sababu fotokopi yetu ilikuwa kwa fundi na fundi mwenyewe alikuwa amesafiri. Jumatano asubuhi akaipitisha michoro kwenye skana, akaikoleza, ikahifadhiwa yote kumi na miwili. Alipotaka kuiingiza, umeme ukakatika. Ulirudi Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, na dakika kumi na tano baadaye mama naye akaingia, amevaa sare nyeupe ya siku ya mwisho, mkoba wa kazi begani. Akakaa kwenye kiti cha wateja wangu, akaweka mikono magotini.

Nukta akaingiza mchoro wa kwanza. Kwenye skrini kikatokea kitu chembamba kama utepe. Akaingiza wa pili, utepe mwingine. Akaendelea mpaka tepe zikawa kumi na mbili.

"Skrini ni mwongo," alisema. "Karatasi ndiyo inayosema kweli." Akachapa nakala moja.

Mimi ndiye niliyezipokea kurasa. Ukurasa wa tatu, chini ya maneno "Mtoto akishatoka", palikuwa na nyayo mbili. Nyayo tu, vidole kumi vidogo vimepangwa vizuri, na juu yake maandishi yanaendelea kama hakuna kilichotokea. Ukurasa wa nne, nyayo. Wa sita, nyayo na kisigino cha ziada, maana pale walichorwa pacha. Mama akavaa miwani. Akazipitia zote moja moja, akazipanga magotini.

"Miaka arobaini," alisema, "nimepokea watoto, na wengi Mungu aliniletea kwa kichwa. Leo wewe asubuhi moja tu umenitolea kumi na wawili, wote kwa miguu."

Nilicheka mpaka lenzi yangu ya jichoni ikadondokea ndani ya saa ya mtu. Mama akanitazama. Nikakimeza kicheko kilichobaki.

Nukta hakucheka, lakini alikuwa ameshaelewa. Kwa kompyuta, kila mchoro ulikuwa umekaa kwenye mstari kama herufi moja kubwa, na mstari wa shemeji yangu hauna ruhusa ya kupanda. Kimo ni kile kile cha idara ya maji. Kilichozidi kilikatwa juu, zikabaki nyayo.

"Si uulegeze huo mstari?" nikamwambia.

"Silegezi. Nitaitoa michoro kwenye mstari, iwe inaelea."

Huyo ndiye Nukta. Nyumba inaungua, yeye anauliza nani amesogeza kiti. Lakini akafanya alivyosema, na kweli, watoto wakatokea wazima kwenye skrini, vichwa, mabega, matumbo, na ile miguu tuliyokwisha kuizoea. Mama akasogeza kiti karibu. Tatizo ni kwamba kitu kinachoelea hakikai. Akimsukuma mmoja mahali pake, wa ukurasa unaofuata anateremka. Akimrudisha huyo, pacha wanapanda juu na kukalia jedwali la joto la mwili. Mama alikuwa anasoma kwa sauti ili kumsaidia, kidole chake kikifuata skrini.

"'Vifaa vya kuchemsha dakika ishirini kabla ya kazi. Mkasi. Koleo. Uzi.'" Kidole kikasimama. Chini ya uzi, ndani ya beseni, alikuwa amekaa mtoto wa kuoshwa, ametulia kabisa. "Huyu anafanya nini hapa?"

"Amehama, mama."

"Mhamishe kabla maji hayajapata moto."

Hapo shemeji akashindwa. Yeye hucheka bila sauti, mabega tu ndiyo yanapanda na kushuka, na mwishoni hutoa kamlio kadogo kama birika linalokaribia kuchemka. Kamlio kale kalipotoka, mama naye akashikwa. Sijawahi kuwaona wawili hao wakicheka kitu kimoja, na kwa wakati ule ule. Mimi sina haja ya kusema nilikuwa wapi. Nilikuwa chini ya meza, natafuta lenzi iliyodondoka tena, na machozi yananitoka.

Mwishowe Nukta akagundua alama ndogo ya nanga pembeni ya kila mchoro, akautia kila mmoja nanga kwenye aya yake, na watoto wakatulia. Ilikuwa saa nne. Tukazipitia kurasa zote kumi na sita kwenye skrini, na kila mtoto alikuwa kwao.

"Sasa karatasi," akasema Nukta, akabonyeza.

Ukurasa wa tatu ukatoka. Kichwa cha habari, maneno, nafasi nyeupe, maneno. Wa nne, nafasi nyeupe. Beseni halipo, pacha hawapo. Hata nyayo hazipo. Nukta akageuza ukurasa kutazama nyuma, kitu ambacho mtu hufanya akiwa amekwisha kuchanganyikiwa.

Akachapa tena. Nyeupe. Akazima kila kitu, akawasha. Nyeupe. Akachomoa waya wa printa, akaupuliza, akauchomeka. Akatoa katriji akaitikisa sikioni. Mimi nikajitolea kuifungua printa kwa bisibisi, akanitazama kwa namna iliyonifanya niirudishe bisibisi mfukoni. Kwenye skrini wapo, kwenye karatasi hawapo. Karatasi ndiyo inayosema kweli, ndivyo alivyotufundisha yeye mwenyewe, na sasa karatasi ilikuwa inasema hakuna mtoto aliyezaliwa.

Mama hakuwa anacheka tena. Aliangalia ukutani kwangu. "Ipi kati ya hizi ni ya kuaminika?"

"Ile ya katikati, mama."

Ile ya katikati ilisema saa nne na nusu.

"Wasichana walinipokea getini asubuhi," mama alisema. "Nimewaambia vinakuja." Akanyanyua mkoba wake, akauweka tena chini, kisha akamgeukia Nukta, na kwa upole kabisa akamwambia, "Si kosa lako, mke wa mwanangu. Kila mtu ana kazi yake."

Afadhali angemfokea. Mama anamfokea mtu anayemtegemea. Upole huwapa wageni. Nilimwona shemeji akiipokea ile sentensi usoni, akakaa wima vile vile, mikono juu ya vitufe kama yuko kwenye mtihani. Nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani, nikaikasirikia printa. Nilikuwa nimeshaanza kuiambia ninachofikiria juu ya ukoo wake wote, mlango ukafunguliwa, akaingia katibu wa timu.

Katibu wa timu ya mpira ya mtaani kwetu ni mtu mnene, mpole, ambaye havai kitu kingine zaidi ya jezi nyeusi yenye kichwa cha ng'ombe dume kifuani. Kila mwezi huja kuchapiwa barua za kuwaalika wapinzani. Alitusalimia wote, akamwamkia mama, akaona kurasa zimetapakaa, akauliza kuna nini. Mama akamweleza kwa maneno matatu: michoro haitoki kabisa. Katibu akaokota ukurasa mmoja mweupe, akautikisia kichwa kama anamjua marehemu.

"Pole sana, dada," alimwambia Nukta. "Lakini hii mashine si tunaijua? Wewe mwenyewe uliniambia haina uwezo wa michoro. Ng'ombe wangu imemkataa mwaka wa tisa huu. Sasa imkatae ng'ombe, ikubali watoto?"

Nukta alikuwa ameinua kikombe chake cha maji. Kikakaa hewani. Nilimwona uso wake ukibadilika kuanzia paji kushuka, kisha akakiweka kikombe mezani taratibu sana.

"Si mashine," alisema.

"Ni nini?" akauliza mama.

"Ni mimi."

Akatueleza huku anatazama vitufe, yeye ambaye hajawahi kuvitazama. Miaka tisa iliyopita katibu alileta kichwa cha ng'ombe kwenye fleshi, akataka kikae juu ya kila barua ya timu. Ng'ombe mweusi tii, mkubwa kama sahani. Barua kumi tu na katriji imekauka. Shemeji yangu, nampenda, ana mkono wa birika kwenye mambo ya wino. Ndani ya kompyuta kuna kisanduku kidogo, kimejificha ndani ndani huko, kinachouliza kama michoro inayoelea ichapwe au isichapwe. Akaondoa tiki. Kwenye skrini ng'ombe akabaki, kwenye karatasi akatoweka, na katibu akaambiwa mashine haina uwezo huo. Mwezi uliofuata akaambiwa tena. Na uliofuata.

"Nilisema mara nyingi mno," Nukta alimaliza. "Mpaka na mimi nikaamini."

Katibu alikuwa ameshika kifua chake pale penye ng'ombe. Mimi nikaisogeza nyundo yangu ndogo mbali na mkono wake, kwa tahadhari tu. Mama ndiye aliyezungumza, na sauti haikuwa ile ya upole. Ilikuwa sauti ya leba, ambayo mimi na kaka tumekua nayo na nusu ya mtaa wamezaliwa nayo.

"Tangu lini?"

"Miaka tisa, mama."

"Miaka tisa umebeba hili?"

"Ndiyo, mama."

"Na uchungu umeanza saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Basi huu si wakati wa kulia. Kaa vizuri. Vuta pumzi. Kiko wapi hicho kisanduku?"

Nukta akaingia humo ndani ndani, akafungua hiki, akafungua kile, akakifikia. Kilikuwa kitupu.

"Hiki hapa, mama."

"Haya. Sukuma."

Akabonyeza. Tiki ikaingia. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na ukurasa wa tatu ukaanza kutoka, juu kwanza. Maneno, maneno, kisha upinde wa penseli, mwembamba.

"Utosi," alisema mama, ameinama juu ya printa. "Vizuri. Paji la uso. Polepole." Mimi nilikuwa nimeshaishika karatasi kwenye ncha, vidole vinaniwasha. "Usivute," akanikemea. "Anatoka mwenyewe. Bega. Bega la pili. Haya, huyo."

Mtoto akatoka mzima, akaangukia kwenye trei, miguu ikiwa ya mwisho kama inavyopaswa. Mama akamwokota, akampeleka dirishani kwangu kwenye mwanga, akahesabu vidole. Katibu alipiga makofi. Nukta alifunika uso kwa kitambaa cha manjano, mabega yanapanda na kushuka, na sikuweza kujua kama ni kicheko au ni kile kingine. Nadhani ni vyote. Mimi nililia waziwazi, sina aibu nalo.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu yuko," alisema katibu makofi yalipokwisha.

"Yuko," Nukta akajibu. "Hajawahi kuondoka. Nisamehe, kaka."

"Miaka tisa naandikia watu barua zisizo na kichwa. Wale wa ng'ambo ya barabara wanatuita timu isiyo na uso." Alifikiri kidogo. Ni mtu wa kufikiri polepole. "Katriji mnayo ngapi?"

"Hii hii moja."

"Basi yeye atasubiri. Watoto kwanza." Akakunja mikono ya jezi, ambayo haikuwa mirefu, akaishika stepla.

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile saa moja. Nukta analisha karatasi, mimi nakunja majalada, katibu anapiga stepla kwa uzito wake wote. Mama anakagua kila ukurasa kabla ya kuupitisha, na kila mmoja anautolea taarifa. "Huyu mzima. Huyu mzima. Huyu amekwaruzwa kidogo sikio, lakini ataishi." Karatasi ikikwama, wote wanne tunainama juu ya printa na kuibembeleza. Wateja wangu wawili walikuja, wakatuona, wakaondoka wenyewe. Saa tano na dakika thelathini na nane, kwa saa ya katikati, kijitabu cha kumi na saba kilipata stepla yake.

Wino uliobaki ukapewa ng'ombe. Akatoka kwa fahari, macho, pua, shingo nene, pembe ya kushoto, kisha katriji ikakata roho. Katibu aliishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Ana pembe moja," nikamwambia.

"Ni yeye," alisema katibu, machozi yamemlengalenga. Akaondoka naye kifuani, ng'ombe wawili kwa mtu mmoja.

Nikadhani mama atachukua vijitabu akimbilie chuoni. Badala yake akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa mizani ya kupimia watoto, ile ya kuning'iniza yenye kitambaa kama bembea. Akavipanga vijitabu vyote kumi na saba ndani ya kitambaa, akainua, akasoma mshale.

"Kilo moja na gramu mia nne. Njiti, lakini ana pumzi."

Kisha akatoa daftari. Nalijua daftari lile tangu utotoni. Kila mtoto aliyempokea ana mstari wake humo, zaidi ya elfu nne, na kwenye safu ya mwisho, ile ya jina la mkunga, pameandikwa jina lake yeye, mstari baada ya mstari, miaka arobaini. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umebaki na mstari mmoja mtupu. Akaniuliza saa, nikamwambia saa tano na dakika arobaini na mbili, akaandika. Uzito, akaandika. Kwenye jinsia alisita, kisha akaandika: vijitabu. Kwenye namna ya kuzaliwa akaandika: kwa kichwa.

Akafika safu ya mwisho. Akamtazama Nukta juu ya miwani, na akaandika jina. Si lake. Aliandika la shemeji yangu, kamili, pamoja na la baba yake, jina ambalo mimi sikujua hata kama analijua.

Akaligeuza daftari kwenye meza, kama anavyowafanyia wazazi wote. "Soma, uhakikishe nimeandika sawasawa."

Nukta akasoma. Akasoma tena, midomo yake inatembea. Kisha akachukua kalamu kwenye mkono wa mama, akainama, na mwisho wa jina lake akaweka nukta.

Mama akaitazama, akakubali kwa kichwa. Akavikumbatia vijitabu kwenye kitambaa cha mizani, akafika mlangoni, akageuka.

"Unakuja, mwanangu," alimwambia, "au unabaki kudonoa?"

Wakatoka pamoja, mwendo wa haraka, na zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano.